Unaacha Kazi Ukalime? Jembe Langu Umeliweka Wapi?

Huku kwetu Songea baridi imeanza kulegea, makoti yamerudi kabatini, na sasa ni zamu ya vumbi mpaka mvua zije kutuokoa. Mimi mzima, baba watoto mzima, watoto nao wanakula kama vile mahindi yanaokotwa barabarani. Tunamshukuru Mungu.

Mwezi huu naomba mnivumilie kidogo. Kwa muda mrefu nimekuwa nikipokea ujumbe wenye swali moja, ila kila mtu analivalisha nguo yake. "Dada, mwenzangu kaamka asubuhi anasema amechoka na kazi, anataka kuanza maisha mapya. Nimuunge mkono au nimkatalie?" Nimelikwepa swali hili mara nyingi, na leo nasema kwa nini. Lilishaingia nyumbani kwangu, likaketi sebuleni, likala na likalala.

Twende taratibu.

Baba watoto alikuwa afisa mikopo katika taasisi moja ya fedha ambayo sitaitaja jina. Miaka tisa. Shati jeupe, tai, pikipiki ya ofisi, baadaye gari letu wenyewe. Kazi nzuri kwa macho ya watu, na mimi nilijidai nayo, sitasema uongo. Wifi zangu wakija mjini walijua pa kufikia. Ila kazi ile ina siku mbili: kuna siku ya kutoa hela, ambapo kila mtu anakuita mkuu, halafu kuna siku ya kwenda kubeba kitanda cha mtu.

Jioni moja mwaka 2020 alirudi akakaa ndani ya gari nje ya geti karibu nusu saa, taa kazima. Nilipomfuata akaniambia kwamba siku hiyo walikwenda Lizaboni kuchukua friji na cherehani ya mama mmoja aliyekwama marejesho. Mama yule hakulia wala hakutukana. Aliomba dakika tano tu amalizie sare ya mtoto iliyokuwa kwenye cherehani.

"Mkampa?" nikamuuliza.

"Tulisimama tukamsubiri. Akamaliza, akakata uzi kwa meno, akatusogezea cherehani mwenyewe."

Tangu siku hiyo mtu wangu akabadilika. Usingizi ukawa wa shida, chakula anagusagusa, na Jumapili badala ya mpira anaangalia video za kahawa. Yeye ni Mmatengo wa Mbinga, na kule marehemu baba yake alimwachia ekari tatu za mlimani. Mara ananieleza habari za miche bora ya kituo cha utafiti wa kahawa cha Ugano, inayohimili chulebuni na kutu ya majani. Mara anachora mistari kwenye karatasi. Nikadhani ni upepo, utapita. Kumbe mwenzangu ameshafika mbali, mimi ndiye bado nipo stendi.

Agosti 2021 akaja na fomu. Nyumba yetu ya Msamala, ambayo tuliijenga tofali kwa tofali, iwekwe rehani benki. Mkopo ukitoka anaacha kazi, anapanda ekari zote tatu kwa mkupuo, anajenga na kibanda cha kukaa huko huko. Akanyoosha kidole kwenye mstari wa chini. "Weka sahihi hapa, mama." Yaani kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Hapa naomba tuelewane vizuri, kina dada na kina kaka. Ule mstari wa sahihi ya mwenza haukuwekwa kwa heshima tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema mwanandoa hawezi kuiuza, kuigawa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Ukiweka sahihi umekubali. Hakuna baadaye cha kusema "mimi nilisaini tu kumridhisha."

Nikakataa.

Bwana wee! Akaniambia simwamini. Akaniambia mimi napenda mshahara wake kuliko ninavyompenda yeye. Halafu akaleta historia, maana msomi akibanwa hukimbilia historia. Eti hata Mzee Rashidi Kawawa, fahari yetu watu wa Ruvuma, aliyezaliwa Matepwende mwaka 1926, hakung'ang'ania kiti kimoja: alikuwa mtumishi wa serikali ya mkoloni, akacheza sinema ya Muhogo Mchungu, akaacha ajira akaingia vyama vya wafanyakazi na siasa, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Eti hata Mwalimu Nyerere mwaka 1955 aliambiwa achague kati ya kufundisha Pugu na TANU, akaacha mshahara.

"Na Mama Maria akafungua duka Magomeni," nikamjibu.

"Duka limeingiaje hapa?"

"Limeingia kwa sababu watu walikula."

Sikulitoa hewani. Mama Maria mwenyewe alikuwa mwalimu. Walifunga ndoa Januari 1953, miaka miwili tu mumewe akaacha kazi, na watoto wameshaanza kuja. Mumewe akizunguka nchi kutafuta uhuru, yeye pale Magomeni alikuwa na duka dogo. Kila mtu anaisimulia barua ya kuacha kazi Pugu. La duka mpaka uulize.

Kisha nikasema neno ambalo mpaka leo nalijutia kidogo, ila kidogo tu. Nikamwambia, "Wewe uliyesimama Lizaboni ukimsubiri yule mama akate uzi, unataka kesho wenzako waje wanisubiri mimi?" Akanyamaza. Ile fomu ikakaa chini ya kopo la sukari mwezi mzima, hakuna aliyeigusa. Tukawa tunasalimiana kama wapangaji.

Sasa ngoja niwape na upande wangu, maana safu hii si ya kujisafisha. Sikukataa kwa sababu ya kifungu cha 59 peke yake. Mimi ni mhasibu, na tangu 2016 nilikuwa na hamu ya kusoma sheria Chuo Kikuu Huria. Kituo chao kipo hapa hapa Songea, wala sihitaji kuhama. Mara ya kwanza nilipotaka kujaza fomu nikawa mjamzito. Mara ya pili tukawa tunaezeka nyumba, na bati zikala ada. Sikulalamika, nilisema zamu yangu itafika. Sasa mtu anasimama mbele yangu ananiambia anataka maisha yenye maana, damu ikachemka. Na mimi je? Ina maana mimi nimezaliwa kwa ajili ya kufunga mahesabu ya watu? Lakini hilo sikulisema. Nilijificha nyuma ya sheria, na yeye akaamini kwamba mkewe anaogopa umaskini tu.

Mwezi uliofuata tukapata msiba Litowa.

Msomaji wa Dar au Mwanza huenda jina hilo hulijui. Litowa ni kijiji cha huku Songea Vijijini, na zamani kilijulikana mpaka ng'ambo. Mwaka 1960 kundi la vijana wa TANU Youth League, akiwamo Ntimbanjayo Millinga, waliamua kuacha kila mtu na kijishamba chake wakalime na kuishi pamoja. Mwanzo ulikuwa mgumu, chakula kikawaishia, wengine wakarudi makwao, ikabidi kuanza upya. Mwaka 1963 wakaunda Ruvuma Development Association, watu wakazoea kuiita RDA. Mwaka huo huo akaja kuishi nao Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, pamoja na mkewe Noreen na watoto wao. Huyu bwana alikuwa mkadiriaji majenzi, taaluma ambayo mjini ingempa maisha laini kabisa. Lakini walikuwa wametokea Rhodesia ya Kusini, kwenye shamba la misheni ya St Faith's ambako weusi na weupe walifanya kazi pamoja, jambo lisilopendwa na wakubwa wa kule. Litowa hakuja kuwa bosi. Alikuwa mshauri, akiishi kijijini na familia yake.

RDA ikakua hadi vijiji 17. Wakawa na mashine ya kusaga na ya kupasua mbao, wakawa na shule yao chini ya mwalimu Suleman Toroka, watoto wanasoma huku wanalima, tena kabla Mwalimu Nyerere hajaandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Halafu tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikaivunja. Mali zikachukuliwa, akina Ibbott wakaondoka nchini. Kijiji cha Matetereka peke yake ndicho kilichong'ang'ania kulima kwa pamoja miaka mingi baada ya hapo. Mimi huwa naiona hadithi hii kama ya watu waliobadili maisha yao kweli kweli, si kwa maneno, na wakaonyesha kwamba inawezekana, kisha wakakatwa miguu na watu wasiowahi kushika jembe lao. Lakini hayo ni ya siku nyingine.

Siku ile ya msiba niliwaza jambo dogo zaidi. Katika habari zote za Litowa wanaume wana majina. Nikawa natazama kina mama wanaosonga ugali kwenye masufuria ya msiba, najiuliza: ile miezi ya mwanzo chakula kilipoisha, usiku mtoto akilia njaa, nani alikuwa anaamka?

Pembeni yangu alikaa shangazi, anachambua mboga. Shangazi yangu aliolewa Umatengo, ameishi huko miaka mingi kuliko niliyoishi mimi duniani. Nikamwagia yote: fomu, nyumba, kahawa, hata chuo. Hakuniambia nivumilie, kama nilivyotarajia. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mumeo akisema anahama, ulimuuliza jembe lako ameliweka wapi?"

Kwa asiyejua ngoro hawezi kuelewa hilo neno. Wamatengo wanalima milimani, na ili udongo usichukuliwe na mvua wana kilimo chao cha mashimo kinachoitwa ngoro. Nyasi hufyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatana, kama madirisha. Kisha udongo wa katikati ya kila dirisha unachimbwa na kufunika zile nyasi, yanabaki mashimo na matuta, juu yake yanapandwa maharage, msimu mwingine mahindi. Ukisimama mbali, mlima mzima unaonekana kama sega la nyuki. Wageni hupiga picha. Sasa kimila, kufyeka na kupanga nyasi ni kazi ya mwanamume. Kuchimba na kufukia ni kazi ya mwanamke. Kwa hiyo mwanamume akisimama juu ya mlima akatangaza "mwaka huu tunafungua shamba jipya," amejitangazia kufyeka, na mkewe amemtangazia mashimo.

"Mimi sikukataa kuchimba," shangazi akasema. "Ila nilitaka nihesabiwe mashimo kabla nyasi hazijapangwa."

Njiani kurudi mjini nilimwambia baba watoto habari za chuo. Zote, tangu 2016. Alikaa kimya mpaka tulipofika nyumbani, akazima gari, akasema, "Mbona hukuniambia?" Nikamwambia, "Mbona hukuuliza?" Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoanza, miezi miwili baada ya kuanza kugombana.

Tulikaa mezani usiku tatu na daftari la hesabu, maana hapo ni uwanja wangu. Cha kwanza nilitaka tujue akiacha kazi anaondoka na nini. Jibu si la kufurahisha. Kwa mwenye mshahara wa mwezi sheria inataka taarifa ya siku 28, sawa. Lakini malipo ya kiinua mgongo yaliyomo kwenye sheria ya ajira ya 2004 ni kwa aliyeachishwa na mwajiri, si aliyeandika barua mwenyewe. Na lile fao la kukosa ajira lililoletwa na mabadiliko ya mwaka 2018 nalo ni hivyo hivyo: halimhusu aliyeacha kwa hiari. Wapo vijana wengi wanaacha kazi Ijumaa wakidhani Jumatatu kuna mzigo unawasubiri. Hakuna mzigo, ndugu yangu.

La pili ni kahawa yenyewe. Mche ukipandwa leo, mavuno ya kwanza ni mwaka wa tatu, tena ya kuonja. Katikati hapo unapalilia, unaweka mbolea, unasubiri. Nikamwambia haya, tusiseme "miaka ya mwanzo itakuwa migumu." Tuseme ni miezi thelathini na sita, na kila mwezi unga, mkaa, ada, umeme, sadaka. Nani? Akajibu, "Wewe." Akaona aibu kulisema, lakini alilisema. Na mimi nikapumua, maana kwa mara ya kwanza mtu alinihesabia mashimo yangu.

Huwa nakereka sana na hawa wahamasishaji wa kwenye semina, wenye suti zinazong'aa, wanaowaambia watu fuata ndoto yako, choma madaraja, ruka tu. Sijawahi kumsikia hata mmoja akitaja nani atanunua mkaa.

Tukakubaliana hivi. Nyumba haiwekwi rehani. Ekari moja kwanza, siyo tatu. Gari linauzwa, ndilo mtaji. Mimi nabeba nyumba mpaka Oktoba 2025, na Oktoba 2025 ikifika mimi najiandikisha chuo na yeye anabeba nyumba, kahawa iwe imempa hela au haijampa. Tukaandika kwenye karatasi, tukatia sahihi wote wawili, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Hiyo ndiyo sahihi niliyoweka.

Desemba 2021 miche ikaingia ardhini.

Msidhani baada ya hapo tuliishi kwa nyimbo. Majirani waliuliza mumeo kafukuzwa? Kanisani watu wakapunguza salamu, maana tulikuwa wageni waalikwa wa harambee na sasa mchango wetu ni wa mia mia. Wifi mmoja alinipigia akaniambia nimemroga kaka yake arudi porini. Mimi jioni nikawa naandika vitabu vya hesabu vya maduka mawili pale Majengo mpaka saa tano usiku. Mbinga si mbali, kama kilometa 100 za lami, lakini mume anayelala huko wiki mbili mfululizo ni mume wa mbali. Akirudi ananuka moshi, anasinzia mezani, anaongea na mimi kama anaongea na mpalilio. Na mimi nilikuwa na maneno makali. Wenye ndoa mnanielewa: mtu mnayempenda anaweza kuwa yupo chumbani na bado mkamkumbuka.

Tuligombana vibaya mwaka 2022. Bei ya mbolea ilikuwa imepaa, mfuko wa urea umevuka shilingi 100,000, ruzuku ya serikali bado haijaanza, na yeye akachukua hela ya ada ya mtoto akanunua mifuko bila kuniambia. Nikafungua kabati, nikamwonyesha karatasi. Akasema karatasi haisemi chochote juu ya mbolea. Kweli haikusema. Tukaongeza mstari kwa kalamu nyekundu: hela yenye jina haichukuliwi bila mwenye jina. Maharage aliyopanda katikati ya miche ndiyo yaliyorudisha ile ada, mwezi mmoja baadaye.

Mavuno ya 2024 yalikuwa madebe machache, tukacheka wenyewe. Ya mwaka 2025 yameeleweka. Sisemi tumetajirika, kipato chake bado hakijafikia mshahara wa zamani, na anayewadanganya kwamba kahawa ni mshahara muulizeni mwaka ambao bei ilianguka. Ila analala. Akiweka kichwa kwenye mto anakoroma kabla sijazima taa, na mimi ambaye zamani nilichukia makoromo sasa nayasikiliza.

Ijumaa iliyopita alirudi na bahasha. Akaiweka mezani, akaoga, akala, halafu akaanza. Kuna mashine ya kumenya kahawa inauzwa Mbinga, imetumika kidogo tu, mwenyewe anahama. Akiwa nayo hatategemea foleni ya wenzake. Na zile ekari mbili zilizobaki, mvua zikianza... Mikono inachora hewani, macho yanang'aa kama mwaka 2021.

Sikumjibu. Nikanyanyuka kwenda kuchukua kikombe, nikauacha mlango wa kabati wazi.

Akanyamaza. Karatasi imeshakuwa ya njano, kona moja imeliwa na mende. Akaja akasimama mbele yake, akausoma ule mstari wa kwanza, akausoma na wa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimempa mgongo, nakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Moyo unanidunda kama msichana.

Kisha nikasikia bahasha inafunguliwa, na sauti yake ikiuliza, "Hivi ada ya mwaka wa kwanza ni shilingi ngapi?"